Karatasi ya Kumi na Mbili

Jumatatu asubuhi, barua ilipobandikwa kwenye ubao wa matangazo, Mama Gundi aliisoma, akavua miwani akaifuta kwa ncha ya koti lake la kazi, akaisoma tena. Halafu akasema kwa sauti iliyomfikia mfagizi mwisho wa korido: "Washenzi wakubwa!"

Mfagizi aliacha ufagio. Mama huyu alikuwa kwenye jengo lile miaka thelathini na saba, na tusi lake kubwa kabla ya siku hiyo lilikuwa "ala!" alilomwambia mende.

Barua yenyewe haikuwa ndefu. Alhamisi saa nne asubuhi kamati ya vibali itakutana hapa, kwenye ukumbi wetu wa mikutano. Kuna kampuni inataka kujenga hoteli ya vyumba themanini juu mlimani, kwenye bonde la mwisho kabla ya kilele, pamoja na barabara ya magari ya kufikia huko. Mkuu wetu ataieleza kamati kitaalamu kwamba lile ua adimu la mlima ule limetoweka, halijaonekana kwa miaka thelathini na minane, na kwa hiyo hakuna sababu ya kuzuia ujenzi. Mpaka hapo ungeweza kusema sawa, karatasi za ofisini ndivyo zilivyo. Lakini kulikuwa na mstari wa mwisho: "Inaaminika kuwa mimea ya mwisho ilimalizwa na mkusanyaji wa kienyeji."

Huyo mkusanyaji wa kienyeji alikuwa baba yake.

Sasa, ili uelewe kwa nini mwanamke wa watu alitukana mbele ya mfagizi, lazima nikueleze kazi ya nyumba ile. Watu wa mjini waliijua kwa harufu tu, maana ukipita barabarani unanusa vidonge vyeupe vya kufukuzia wadudu, kama vile kila mtu ndani ameamua kufungua sanduku la nguo za bibi yake. Ndani kuna makabati ya chuma, safu kwa safu, na ndani ya makabati kuna mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi ngumu, maelfu kwa maelfu. Wataalamu wanapaita hebaria. Mume wa Mama Gundi, fundi cherehani asiyeweza kunyamaza hata akiwa na pini mdomoni, alipaita makaburi ya majani.

Kazi ya Mama Gundi ilikuwa kubandika. Mmea unakuja kutoka porini umelala ndani ya gazeti la zamani, kwa sababu gazeti ndilo linalonyonya maji yake. Unautoa. Unaupaka gundi mgongoni kwa brashi, unaulaza kwenye karatasi nyeupe ngumu, unashona shina kwa uzi likiwa nene, unaweka vijiwe juu ili ukauke bila kujikunja. Kona ya chini kulia unabandika lebo: jina la mmea, mahali ulipochumwa, ni mita ngapi kutoka usawa wa bahari, tarehe, na jina la mwenye kuchuma. Ukimaliza, gazeti unalitupa. Ndivyo alivyofundishwa siku ya kwanza, ndivyo alivyowafundisha wote waliokuja baada yake.

Siku hiyo ya kwanza alikuwa na miaka ishirini, na kazi aliyopewa ilikuwa karatasi kumi na moja za ua lile lile.

Baba yake aliliita Mchelewa, kwa sababu maua mengine yote ya mlimani yakishaanguka ndipo lenyewe linapoamka, la zambarau, dogo kuliko ukucha wa kidole gumba, limejikunyata kwenye ubaridi kana kwamba limekuja sherehe watu wameshaondoka. Jina la kitaalamu lilikuwa jingine, refu, na katikati yake limo jina la Profesa. Profesa ndiye aliyelitangaza duniani. Picha yake ilitundikwa kwenye ngazi, amevaa kofia ya safari, amelishika ua. Picha ya mtu aliyekwenda kulichuma haipo popote.

Maana Profesa hakulichuma, bwana! Profesa alikuwa na kifua kibovu. Alipanda mpaka kambini, akafunga hema, akaketi kwenye kiti cha turubai na blanketi magotini. Aliyeendelea juu alikuwa Mzee Miguu. Ndilo jina walilompa baba yake Mama Gundi wenzake wa kazini, alikuwa na miguu mirefu myembamba, na alipanda mlima ule kama wewe unavyopanda kitandani. Asubuhi anaondoka na mbao za kukandamizia mimea mgongoni, magazeti kati yake. Jioni anarudi amezijaza. Profesa anakunywa chai, anafungua daftari, anaandika lebo za siku nzima kwa mkupuo mmoja. Mahali? Hapa kambini. Mita ngapi? Anasoma chombo chake pale pale mezani: elfu mbili na mia sita. Kila kitu kilichochumwa siku ile, kiwe kimetoka mtoni au kimetoka mawinguni, kikazaliwa upya mezani kwa Profesa.

Mzee Miguu alimwambia. Si mara moja. "Profesa, hili halikutoka hapa. Nimetembea nusu siku kulifuata." Profesa akamjibu kwamba mlima ni mmoja. Akamgongea bega, akamwongezea sukari.

Miaka kumi na tano baadaye kijana mmoja mwenye shahada mpya, mwanafunzi kipenzi wa Profesa, alitumwa kulitafuta Mchelewa. Alifuata lebo mpaka kambini, akaizunguka kambi siku sita akiwa ameinama, hakuona hata jani. Hapo si pahala pake, lingetoka wapi? Akarudi, akaandika ripoti: limetoweka. Na kwa kuwa ripoti inataka sababu, akaitafuta sababu, akaipata karibu: Mzee Miguu, wakati huo amestaafu, magoti yamekwisha, ameketi barazani kwake akisema kwa yeyote anayepita, "Si pale, ni juu." Kijana alikwenda hata kumhoji. "Mzee, lebo inasema pale," alimwambia. "Na wewe ndiye uliyekuwa unachuma. Ulichuma ngapi?" Mzee akasema kumi na mbili. Kijana akaandika.

Kijana huyo ndiye Mkuu wa sasa.

Unaona basi. Mzee Miguu aliishi miaka mingine kumi na tisa na maneno yale, akafa nayo, miaka minne iliyopita. Siku zake za mwisho alimwambia bintiye jambo ambalo hakuwahi kulitaja kabla. "Niliandika kila kitu, mwanangu. Kwa penseli, pembeni mwa gazeti. Kila ua na mahali pake. Nilijua Profesa ataandika ya kwake."

Mama Gundi alimshika mkono na kumwambia apumzike, na ndani yake moyo ulimpasuka, kwa sababu aliyakumbuka magazeti hayo. Aliyatupa yeye. Siku yake ya kwanza ya kazi, kumi na moja, alikwenda nayo uani akayatia kwenye pipa la takataka akayachoma moto, msichana mwenye koti jipya anayetaka kuonekana mchapakazi. Na baba yake alikuwepo! Alikuja kumwangalia mtoto kaanzaje. Alisimama kando ya pipa, akautazama moto, akasema, "Kazi nzuri, mwanangu." Hakuongeza neno. Mtu gani huyo? Mama Gundi alimkasirikia kwa hilo kaburini, akajikasirikia mwenyewe zaidi, na hasira hizo mbili alizibeba miaka minne bila kumwonyesha mtu.

Sasa umejua ya nini lile tusi.

Alikwenda moja kwa moja kwa Mkuu. Mkuu alikuwa mtu mnene, msafi, mwenye adabu za kupindukia, anayeinuka kitini ukiingia hata kama amepanga kukukatalia.

"Karibu, mama yangu. Habari za nyumbani?"

"Nyumbani kuzuri, hapa ndipo pabaya. Mkuu, ule mstari kuhusu baba yangu uufute. Na lebo za Mchelewa si za kweli, wewe unajua. Zirekebishwe kabla ya Alhamisi."

"Mama, mama, taratibu." Aliketi. "Wewe ni mkongwe hapa kuliko makabati. Sheria ya kwanza ya hebaria ni ipi? Uliwafundisha wewe mwenyewe wale vijana."

"Kilichobandikwa kwenye karatasi hakibanduliwi," Mkuu alijijibu. "Hata kikiwa na kosa. Kosa nalo ni sehemu ya kumbukumbu. Kazi yetu si kusikiliza hadithi za familia, samahani sana, kazi yetu ni kusoma kilichopo kwenye karatasi. Kuna kitu kwenye karatasi kinachosema ua lilitoka juu?"

"Hakuna."

"Basi, mama yangu. Na ukishuka, nichagulie moja nzuri ya kuonyesha kamati siku hiyo. Wasiokuwa wataalamu wanapenda kuona ua lenyewe."

Alishuka ngazi. Akapita kwenye picha ya Profesa, akaitazama usoni. "Na wewe na sukari yako," akaiambia.

Chini, kwenye chumba cha kompyuta, alikaa bwana mmoja ambaye jengo zima lilimwita Shemeji, kwa sababu katika ujana wake aliwahi kuwaposa dada za wafanyakazi watatu tofauti na wote wakamkataa. Kazi yake ilikuwa kuingiza kumbukumbu za karatasi kwenye kompyuta, na alikuwa ndiyo kwanza anachapa orodha ya Mchelewa kwa ajili ya kamati.

"Shemeji yangu, mbona uso umeuvaa kinyumenyume?"

"Niache."

"Nikuache vipi, umesimama juu ya waya wangu. Haya, nisaidie jambo. Kabatini mna karatasi ngapi za ua lenu hili?"

"Kumi na moja. Nilizibandika mimi."

"Mbona daftari la Profesa lina kumi na mbili? Tazama. Ya mwisho ameandika: nakala, ya kutumwa nje."

Mama Gundi aliinama mpaka pua ikagusa ukurasa. Nakala! Ilikuwa kawaida kuchuma mmea mmoja mara nyingi na kuwatumia wenye hebaria za nchi nyingine, nao wakatuma za kwao. Nakala haibandikwi hapa. Inafungwa kwa kamba inakwenda ilivyo, ndani ya gazeti lake.

"Ilitumwa?" aliuliza.

Shemeji alifungua rejista ya posta ya mwaka ule, kitabu kikubwa chenye jalada lililochanika, akateremsha kidole. Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tano. "Sioni muhuri. Hii haijaondoka, shemeji. Imo humu humu ndani."

Stoo ya nakala ilikuwa nyuma ya bomba la maji, chumba kisicho na dirisha, vifurushi vimerundikwa mpaka darini na vingine havijaguswa tangu aliyevifunga alipostaafu. Mama Gundi aliingia Jumatatu mchana, akaingia tena Jumanne toka kufungua ofisi. Alifungua kifurushi baada ya kifurushi na kukifunga tena vizuri, maana hata akiwa na hasira hakuweza kufunga kamba ovyo. Vumbi lilimjaa kooni. Alikuta majani ya nchi ambazo zimebadilisha hata majina. Alikuta kiatu kimoja. Jumanne saa nane na nusu alikuta kifurushi chembamba chenye mwandiko wa Profesa juu yake, na kamba iliyofungwa kwa fundo analolijua, fundo la baba yake, linalofunguka ukivuta mkia mmoja tu.

Aliuvuta. Gazeti lilikuwa limegeuka rangi ya chai. Alilifungua kidogo kidogo, na Mchelewa lilikuwa limelala humo, mashina matatu, zambarau yake imefifia lakini haijafa. Pembeni mwa gazeti, kutoka juu mpaka chini, palikuwa na herufi kubwa zilizobonyezwa kwa penseli, mwandiko wa mtu aliyeishia darasa la nne na hakutaka kukosea.

NIMETOKA KAMBINI ALFAJIRI NIMEFIKA HAPA SAA SITA. CHINI YA MWAMBA ULIOPASUKA KATIKATI. UPANDE WA MAJI. YAPO MENGI SANA. NIMECHUKUA 12 NIMEACHA MENGI.

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa ghadhabu, ngumi imekunjwa, kama mtoto aliyesingiziwa. Nimeacha mengi! Miaka yote ile mzee wa watu alikuwa akiitwa mmalizaji, na jibu lake lilikuwa nyuma ya bomba la maji, hatua ishirini kutoka kwenye meza ya bintiye.

Alimpelekea Mkuu gazeti lile na mmea wake, juu ya ubao, ameubeba kwa mikono miwili. Mkuu alisoma. Kwa muda mdogo uso wake ulibadilika, na Mama Gundi, ambaye alikuwa bado ana imani na watu, alidhani ameshinda.

"Inasikitisha," Mkuu alisema mwishowe. "Lakini mama, hili ni gazeti. Magazeti ni taka. Tumeyatupa miaka yote, wewe zaidi ya mtu yeyote."

"Usinikumbushe."

"Siwezi kupeleka taka mbele ya kamati nikasema ni kumbukumbu. Kumbukumbu ni kilichobandikwa. Ripoti yangu imekaa miaka ishirini na mitatu, watu wameisoma dunia nzima. Unataka niiangushe kwa penseli ya mbeba mizigo?"

Mbeba mizigo. Alilisema kwa upole kabisa, jamani, akitabasamu, na huku anainuka kumfungulia mlango atoke na ubao wake.

Jioni hiyo mumewe alimkuta jikoni amesimama mbele ya sufuria ambayo hakuwa amewasha moto wake.

"Mke wangu, umekasirika, au umekasirika sana? Nataka kujua kama nijipikie."

Alimweleza yote. Fundi cherehani alisikiliza, akavuta kiti, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao hakutia mzaha. Halafu akauliza, "Kwani anayebandika mle ndani ni nani?"

"Mimi."

"Na yeye anasema kilichobandikwa ndicho cha kweli?"

"Na hakibanduliwi."

"Basi sijui unanililia nini mimi," alisema mumewe, akainuka kuwasha jiko.

Jumatano asubuhi Mama Gundi alichukua karatasi ngumu mpya, ile nzito anayoiwekea mimea ya heshima. Alikoroga gundi mwenyewe. Alilaza mashina matatu ya Mchelewa juu kushoto, akayapaka mgongoni kwa brashi, akayakandamiza kwa kitambaa. Chini kulia alibandika lebo ya Profesa iliyokuwemo kwenye kifurushi, pamoja na uongo wake, mita elfu mbili na mia sita, hapa kambini, kwa sababu sheria ni sheria naye hakuwa mwizi. Kisha akachukua mkasi, akalikata gazeti pembeni, ule ukanda wote ulioandikwa, akaugeuza, na akaupaka gundi pole pole, kila sentimita, mpaka kwenye ncha. Gundi ile ikishakauka, utaitoa na karatasi yenyewe. Akaubandika kando ya ua, wima, unasomeka bila kuinamisha shingo.

Nafasi ndogo ilibaki chini ya ukanda. Hapo wataalamu huweka kikaratasi cha kusahihisha, chenye jina na tarehe, na miaka thelathini na saba alikuwa amebandika vikaratasi vyao elfu moja bila kuthubutu kuandika cha kwake. Alikata kimoja. Akaandika: "Mahali sahihi ni pale palipoandikwa kwa penseli. Mchumaji ni huyu." Akaandika jina la baba yake, lote, lile la kuzaliwa, ambalo watu wa jengo lile hawakuwahi kulijua. Akaweka vijiwe juu, akafunga chumba, ufunguo akaenda nao nyumbani.

Alhamisi saa nne ukumbi ulijaa. Walikuwepo wajumbe saba wa kamati, mwenyekiti wao mwanamke mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na injinia wa kampuni ya hoteli aliyekuja na mfano wa hoteli yenyewe, nyumba ndogo ndogo za plastiki kwenye ubao, na miti ya sifongo. Mkuu alisoma barua yake. Alisoma vizuri, ana sauti. Alipofika kwenye mkusanyaji wa kienyeji alipunguza sauti kidogo, bila shaka kwa heshima ya msiba.

"Na sasa mtaliona ua lenyewe," alisema. "Mama, lete."

Mama Gundi aliingia na karatasi ndani ya jalada lake, akaiweka mbele ya mwenyekiti, si mbele ya Mkuu, akalifungua jalada. Mwenyekiti alivaa miwani. Mkuu, ambaye alikuwa ameanza kueleza habari za petali, alinyoosha shingo kuona.

"Hiki ni nini hapa pembeni?" mwenyekiti aliuliza.

"Ni... samahani, hii si karatasi niliyoiomba. Mama, iondoe hii."

"Nimeuliza ni nini." Alisoma kwa sauti, neno kwa neno, mpaka kwenye nimeacha mengi. "Mwamba uliopasuka katikati. Injinia, upo mwamba kama huo kwenye eneo lenu?"

Injinia alitazama mfano wake kana kwamba ungemsaidia. "Upo. Ndipo litakapokaa bwawa la kuogelea. Lakini mheshimiwa, hicho ni kipande cha gazeti! Kibandueni tuendelee."

"Hakibanduliwi," alisema Mama Gundi.

Watu wote walimgeukia.

"Kilichobandikwa kwenye karatasi hakibanduliwi, hata kikiwa na kosa. Na kazi yetu ni kusoma kilichopo kwenye karatasi. Sijasema mimi. Kasema Mkuu, Jumatatu hii, ofisini kwake, nimesimama nasikia."

"Ni kweli hiyo ni sheria yenu?" mwenyekiti alimuuliza Mkuu.

Mkuu alitoa kitambaa akajifuta shingo. Alitazama ukutani. Angeweza kukana, lakini vijana wa hebaria walikuwa wamejipanga mlangoni, Shemeji mbele yao amekunja mikono, wote wanaijua sheria kama jina la mama.

"Ndiyo," alisema.

"Huyu mchumaji ni nani?"

"Ni baba yangu," alisema Mama Gundi. "Na ndiye huyo mnayemwita mmalizaji."

Mwenyekiti aliifunga barua ya Mkuu. Alisema kibali kitasubiri mpaka watu wapande wakaangalie kwa macho yao, na kwamba wapande msimu wa maua, si leo wala kesho. Injinia alianza kupiga kelele za ratiba. Hakuna aliyemsikiliza.

Walipanda baada ya wiki tano. Mama Gundi alijifunga magoti kwa bendeji na kuvaa koti la mumewe, lililopunguzwa mikono kwa ajili ya safari hiyo. Alikuwepo mtaalamu wa kamati, mwanamume mkimya kutoka chuo kingine, na wapagazi wawili, na Mkuu. Mkuu alifika kambini kifua kinapiga filimbi. Akasema atawasubiri pale. Akaletewa kiti, akakiweka mahali palipo tambarare, karibu na mawe ya duara ya hema la zamani, akajifunika blanketi. Mama Gundi alimtazama, akayatazama mawe yale ya hema.

Waliondoka alfajiri. Saa sita kasorobo waliuona mwamba, umepasuka katikati kama mkate, na alama nyekundu za wapimaji zimepakwa juu yake. Wakauzunguka upande wa maji. Maua mengine yote yalikuwa yameshaanguka. Mchelewa lilikuwepo, kwenye kila ufa na kila kijito, zambarau, limejikunyata, mamia kwa mamia, na mtaalamu alipiga magoti kwenye tope akasema "Loo! Loo!" mpaka akakosa pumzi.

Mama Gundi hakupiga magoti. Alisimama akitazama, machozi yanamtoka, na hasira haikupungua hata chembe. Alikuwa amedhani ingepungua. Lakini yalikuwa hapa siku zote, hapa hapa, mwendo wa nusu siku tu, na baba yake aliketi barazani miaka kumi na tisa akiwaambia.

Mtaalamu alichuma shina moja, akalilaza ndani ya gazeti, akafunga mbao. Upepo ulikuwa umeanza kuleta barafu.

"Twende, mama. Lebo nitaandika kambini, kuna chai ya moto."

"Hapana."

"Vidole vyangu vimekufa ganzi. Mahali napakumbuka, sitasahau."

"Utaandika hapa," alisema Mama Gundi. Alitoa penseli kwenye mfuko wa koti akamshikisha mkononi. "Soma hicho chombo chako, uandike mita. Andika mwamba. Andika maji. Halafu uandike aliyepaonyesha."

Mtaalamu alipuliza vidole, akafungua daftari juu ya goti. Aliandika mita elfu tatu na mia nne. Aliandika mwamba, akaandika maji. Kisha akainua uso. "Niandike jina lako, mama?"

"La baba yangu."

Alimtajia herufi moja moja, amesimama upande ule upepo unakotoka, na hakusogea mpaka alipomaliza kuandika.